Dhoruba imepita, umeme hauko sawa: tambua hitilafu kwa dalili zake

Kabla ya kumpigia fundi simu, toka nje uangalie nani ana umeme na nani hana. Kama ni kwako peke yako giza, tatizo liko kwenye servisi yako (waya unaotoka nguzoni kuja kwako) au ndani ya nyumba. Kama karibu nyumba moja katika kila tatu iko giza na nyingine zinawaka vizuri, fezi moja (mojawapo ya nyaya tatu zinazoleta umeme mtaani) imeondoka. Mtaa mzima ukiwa giza, hitilafu iko kwenye transfoma au kwenye laini kubwa. Na kama taa zako zinawaka kupita kawaida huku za jirani zimefifia, usiendelee kusoma: zima meni swichi sasa hivi, kisha urudi kwenye sehemu ya nyutro (waya wa kurudishia umeme) hapa chini.

Wingu linavyojengeka, na kila hatua inavunja nini

Mvua ya radi huhitaji unyevu, joto karibu na ardhi na kitu cha kuisukuma hewa juu. Kuanzia Bukoba, Geita na Mwanza hadi Musoma na Kisumu, vyote vitatu hutokana na Ziwa Victoria na nchi kavu inayolizunguka. Mchana nchi kavu hupata joto haraka kuliko maji, hewa ya juu yake hupanda, na upepo wenye unyevu hutoka ziwani kuja kujaza nafasi. Ukifika kwenye miinuko upande wa mashariki, hewa hiyo hulazimika kupanda. Ndiyo sababu Kericho na Nandi hujulikana kwa mvua ya mawe ya alasiri. Usiku mambo hugeuka. Pepo hutoka kingo zote za ziwa na kukutana majini, na wavuvi wa dagaa ndio wanaokutana na radi hizo kuelekea alfajiri. Kanuni hiyo hiyo ya ziwa na milima ndiyo inayoifanya Kabare, Kivu Kusini, kuwa miongoni mwa sehemu zinazopigwa radi nyingi zaidi duniani.

Hewa inapopanda hupoa, mvuke hugeuka matone, na kugeuka huko hutoa joto linaloisukuma hewa juu zaidi. Katika ukanda wetu maji huanza kuganda kwenye kimo cha kilomita 5 hivi, na wingu lililokomaa hufika kilomita 15 au kupita. Humo ndani chembe nyepesi za barafu hugongana na punje nzito zaidi. Chembe nyepesi hubeba chaji chanya hadi kileleni, punje nzito hubaki katikati na chini zikiwa na chaji hasi. Tofauti ikizidi uwezo wa hewa kuitenga, radi hupiga: kwa kawaida ampea 30,000 hivi, kwa muda mfupi kuliko kupepesa jicho.

Kisha mvua na barafu huanza kushuka, zikiburuta hewa pamoja nazo. Sehemu ya matone hukauka njiani na kuipoza hewa hiyo, ikawa nzito, ikaporomoka hadi chini na kutawanyika pande zote. Ule upepo wa baridi unaonuka vumbi lililolowa, unaofunga milango kwa kishindo wakati mvua bado iko mlima wa pili, ndio huo. Katika dhoruba kali huweza kupita kilomita 100 kwa saa.

Pwani kuna adui mwingine, ingawa si wa mara kwa mara. Vimbunga vya Bahari ya Hindi huzunguka kwa kutegemea mzunguko wa dunia, na karibu na ikweta nguvu hiyo ni ndogo mno, kwa hiyo vingi huishia kusini kwetu. Vingi, si vyote: Lindi ilipigwa mwaka 1952, na Mei 2024 kimbunga Hidaya kilifika eneo la Mafia. Mvua zake ziliikata barabara ya Kusini huko Somanga. Kwa umeme jambo hilo lina maana kubwa, kwa sababu nguzo haibebwi begani. Barabara ikikatika, marekebisho husubiri barabara.

Umeme umekatika kabla ya tone la kwanza

Chanzo karibu kila mara ni ule upepo unaotangulia. Ama tawi limeangukia laini, ama nyaya zilizolegea zimepigana zenyewe katikati ya nguzo mbili. Ukiona mwako wa buluu hewani ukifuatana na mlipuko mkavu, bila ngurumo, hizo ni nyaya zimegusana.

Nguzo nyingi zetu ni za mikaratusi iliyotiwa dawa. Huoza au kuliwa na mchwa pale inapoingia ardhini, wakati juu inaonekana nzima kabisa. Nguzo ya mita 9 husimama kwa kufukiwa kama mita 1.5 tu, udongo ukilowa siku tatu mfululizo, upepo wa kawaida unatosha kuiinamisha. Nguzo uliyoiona imelala kidogo wakati wa kiangazi iripoti wakati huo huo wa kiangazi.

Ukikuta waya umelala chini, uhesabu una umeme hata kama hautoi cheche wala sauti. Mchanga mkavu na changarawe havipitishi umeme wa kutosha kuifanya swichi ya kituoni ihisi hitilafu, kwa hiyo waya unaweza kulala pale ukiwa na kilovoti 11 au 33 kamili. Tena swichi ikiwa ya kujirudisha, waya uliokuwa mfu sasa hivi hupata umeme sekunde chache baadaye. Kaa mbali mita 10 au zaidi na uwazuie watoto. Kama umeshajikuta karibu, usipige hatua ndefu: volti hupungua kadiri unavyouacha waya, na mguu mmoja ukiwa mbele mwingine nyuma, tofauti hiyo hupita mwilini. Buruza nyayo zikiwa zimegusana mpaka utoke. Ukiwa ndani ya gari lililoangukiwa waya, baki humo mpaka shirika la umeme lithibitishe wamezima.

Taa zinazimika na kuwaka mara mbili tatu, kisha giza

Hiyo ni swichi ya kujirudisha ikifanya kazi yake. Hitilafu nyingi za dhoruba ni za kupita: radi imeruka juu ya kikombe cha nguzo (kile kinachoutenga waya na nguzo), au tawi limegusa likaanguka. Swichi hukata, husubiri sekunde chache, hurudisha. Hitilafu ikiwa bado ipo hukata tena, na baada ya majaribio matatu hivi hujifunga mpaka mtu aje kukagua laini. Kwa hiyo ukizimika mara moja na kurudi, tawi limeshaondoka. Ukirudi mara tatu na kufa, kuna kitu bado kimelala kwenye laini. Toa taarifa na useme idadi ya majaribio uliyoyahesabu, pamoja na mahali ulipoona mwako. Taarifa hiyo huwaokolea mafundi kilomita nyingi za kutembea na tochi.

Wakati wa majaribio hayo, friji na kompyuta ndizo zinazoumia. Mpepeso wa kwanza ukitokea, chomoa.

Umeme unakatika kwa manyunyu tu, hakuna upepo

Hili huwashangaza wengi: mvua kubwa ya jana haikufanya kitu, manyunyu ya leo yamezima mtaa. Kiangazi kizima vikombe vya nguzo hukusanya vumbi. Dar es Salaam, Tanga na Mombasa hukusanya na chumvi ya bahari. Manyunyu ya kwanza ya vuli huligeuza vumbi hilo kuwa tope jembamba linalopitisha umeme. Ukisimama mbali na nguzo usiku, utasikia mchirizo kama wa mafuta ya kukaangia na kuona vicheche vya zambarau vikitambaa juu ya kikombe. Ukiachwa, kichwa cha nguzo huungua taratibu. Mvua kubwa huviosha vikombe, na ndiyo maana haikukata kitu. Hapa mwenye nyumba hana cha kurekebisha. Toa taarifa ya nguzo ipi, basi.

Umeme upo lakini mdogo

Pangaboi linazunguka kivivu, friji inanguruma bila kuwaka. Usizitegemee balbu za LED kupima jambo hili, kwa sababu nyingi huwaka vilevile hata volti zikishuka hadi nusu. Tumia multimita kwenye AC, kipimo cha juu ya volti 400, kati ya fezi na nyutro. Kawaida ni volti 230.

Ukipata karibu 115, na majirani wengi wako hivyohivyo huku wachache wakiwa na umeme kamili, fyuzi moja ya juu ya transfoma imeanguka. Transfoma ya mtaani huingiziwa fezi tatu za kilovoti 11 au 33. Ikipotea moja, upande wa kwetu fezi moja hubaki na volti zote, na mbili zilizobaki hupata nusu tu kila moja. Ukitazama juu ya nguzo ya transfoma ukiwa chini na mbali, utaona moja ya zile fyuzi tatu ndefu imening'inia kichwa chini. Ihesabu, uiripoti, usithubutu kuirudisha kwa mti mrefu hata mti ukionekana mkavu.

Wakati unasubiri, zima friji, pampu na pangaboi. Mota isiyoweza kuanza kuzunguka hufyonza umeme mara kadhaa ya kawaida na kuunguza koili zake kwa dakika. Taa zinaweza kubaki.

Kama fezi moja haina kitu kabisa na nyingine mbili ziko kamili, iliyokatika ni fyuzi ya upande wa chini, au waya mmoja wa laini ndogo. Nyumba za fezi hiyo huwa giza totoro. Hapa ndipo vishoka hupata soko: anakuja mtu na ngazi akikuambia atakuhamishia fezi nyingine kwa elfu kadhaa. Usikubali. Fezi ile moja huishia kubeba mizigo ya mbili, fyuzi yake nayo inakatika, na sasa theluthi mbili ya mtaa mko giza.

Baadhi ya nyumba mwanga mkali, nyingine unafifia: nyutro imekatika

Kati ya hitilafu zote za dhoruba hii ndiyo inayounguza mali nyingi zaidi, na ndiyo isiyoeleweka zaidi, kwa sababu watu huona umeme umekuwa "mwingi" wakadhani umerudi vizuri.

Nyumba nyingi hupata fezi moja na nyutro, volti 230 kati yake. Kati ya fezi na fezi kuna volti 400. Nyutro ndiyo inayoshikilia kila nyumba kwenye 230 yake. Tawi likiikata nyutro ya laini ndogo, au kiungo chake kilicholegea kikiungua, nyumba zote baada ya hapo hupoteza mshikilio. Nyumba yako na ya jirani aliye fezi nyingine sasa zimeungwa mfululizo, zikigawana zile volti 400.

Mgawanyo huo haufuati haki. Chukua nyumba mbili tu. Ya kwanza imewasha pasi ya wati 1,000, ukinzani wake kama omu 53. Ya pili imewasha balbu ya kawaida ya wati 100, ukinzani kama omu 529. Ziunge mfululizo kwenye volti 400: pasi inapata volti 36, haitoi hata uvuguvugu, balbu inapata volti 364 na kupasuka. Anayeumia ni yule aliyewasha kitu kidogo. Ndiyo maana nyumba iliyozima kila kitu ikaacha televisheni tu ndiyo hupoteza televisheni. Na ndiyo maana mwanga wako hupanda na kushuka jirani anapowasha au kuzima jiko. Mwanga unaopanda kupita kawaida kwa kufuata mizigo ya wengine ni alama ya uhakika ya nyutro. Katika hitilafu ya fyuzi ya transfoma hakuna nyumba inayopata mwanga wa kupita kiasi.

Cha kufanya:

1. Zima meni swichi. Usianze kuchomoa kimoja kimoja, kwani kila unachochomoa kinaongeza volti kwa vinavyobaki.
2. Piga hodi kwa majirani wa transfoma hiyo hiyo wazime pia, hasa wenye mwanga mkali.
3. Toa taarifa kwa kusema wazi "nyutro imekatika, volti zimepanda". Ukisema "umeme unasumbua" utawekwa kwenye foleni ya kawaida.
4. Baada ya marekebisho, pima kabla ya kuwasha vifaa. Ukiona 225 hadi 240 na haichezi kwa dakika tano, washa.

Breka ya kawaida haitakulinda hapa. Breka hukata kwa ampea nyingi, na volti 360 zinaweza kuua dikoda kwa ampea chache tu. Kinachokulinda ni kifaa cha kukata kwa volti kinachofungwa baada ya meni: kipangie kikate juu ya 265 na chini ya 180, kisubiri dakika tatu kabla ya kurudisha. Friji gadi ya soketi hufanya kazi hiyo kwa kifaa kimoja.

Nyutro ikikatika kwenye servisi yako pekee, dalili ni tofauti: nyumba nzima giza, lakini tester inawaka kwenye matundu yote mawili ya soketi. Umeme unaingia kwa fezi, unapita kwenye kifaa kilichowashwa, unafika kwenye nyutro na kukosa pa kwenda. Watu wengi hukosea hapa: kwa kuwa kifaa hakiwaki, hudhani waya ni mfu na kuushika.

Kwako tu giza

Anza na mita yenyewe, si rimoti ya LUKU (kile kifaa cha kuingizia tokeni). Rimoti yenye betri huweza kuonyesha namba hata mita ikiwa haina umeme. Kioo cha mita kikiwa kimezima huku jirani akiwaka, servisi imekatika, au kiungo kwenye nguzo kimelegea, au mita imeungua. Hayo yote ni ya shirika. Kioo kikiwaka na uniti zipo, tatizo ni kuanzia meni swichi kuja ndani.

ELCB ikiwa imeanguka, mara nyingi ni maji. Hukata umeme wa miliampea 30 ukivuja kwenda ardhini, na soketi ya barazani iliyolowa inatosha kuvujisha hizo. Chomoa kila kitu, zima breka zote, inua ELCB, kisha inua breka moja moja. Ile itakayoiangusha ndiyo yenye maji. Iache chini siku mbili ikauke, au mwite fundi mwenye leseni ya EWURA (mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji Tanzania) aifungue. ELCB ikianguka hata breka zote zikiwa chini, nyutro mahali fulani inagusa ethi (waya wa ardhini), na breka hazikati nyutro. Hiyo ni kazi ya fundi. Mtu anayekushauri "iruke hiyo ELCB" anakuondolea kitu pekee kinachomtoa mtoto kwenye umeme.

Ukihisi mtetemo ukigusa bomba, ukuta uliolowa au kamba ya waya ya kuanikia iliyofungwa kwenye paa, zima meni. Angalia servisi inapovuka ukingo wa bati. Upepo huisugua pale msimu baada ya msimu, mpira unachunika, na bati zima linakuwa fezi. Kama mtetemo unaendelea meni ikiwa imezimwa, ndivyo hali ilivyo: toeni watu nje kwa mlango usiogusa chuma, na piga simu ya dharura.

Vifaa vimeungua, umeme ulikuwa kamili

Angalia ni vipi vilivyoungua. Kama ni televisheni na dikoda peke yake, na friji nzima, radi iliingia kwa waya wa antena au dishi. Kama ni chaja, ruta na kila kilichokuwa kwenye soketi hata kilichozimwa, iliingia kwa laini. Swichi ya soketi ina nafasi ya milimita chache tu, na radi imeshavuka kilomita.

Fungua plagi kwanza: fyuzi ya ampea 3 ikiwa imekatika, huenda ndiyo iliyokufa peke yake. Ndani ya kifaa, karibu na pale waya unapoingia, tafuta kitu bapa cha duara kama sarafu, mara nyingi buluu au njano. Kikiwa kimepasuka na kuacha masizi meusi, kimekufa kikikinga. Fundi hukibadilisha pamoja na fyuzi kwa bei ndogo. Usikubali afunge waya mahali pa fyuzi.

Kinga ya radi kwenye bodi haifanyi lolote bila ethi nzuri. Fimbo ya shaba ya mita 1.2 au zaidi, udongo usiokauka, kiungo kisicho na kutu, na waya wa kinga usiozidi nusu mita. Hata hivyo piga hesabu: ampea 30,000 zikipita kwenye ethi ya omu 10 ni volti 300,000. Hakuna kifaa cha dukani kinachosimama mbele ya hilo radi ikipiga nyumba yenyewe, kwa hiyo chomoa. Hesabu sekunde toka mwanga hadi ngurumo, gawanya kwa 3, utapata kilomita. Chini ya sekunde 30, plagi na waya wa antena vyote viwe nje ya soketi, na uwe umeshavichomoa kabla, si wakati radi iko juu ya paa.

Umeme umerudi

Subiri dakika kumi kabla ya kuwasha friji. Mtaa mzima ukiwasha kwa pamoja, volti hushuka na fyuzi ya transfoma inaweza kukatika tena papo hapo. Na kompresa yenyewe huhitaji dakika tatu hadi tano gesi yake itulie, la sivyo huanza ikiwa imebanwa.

Wenye mashine za kusaga na pampu za fezi tatu wana ukaguzi wao. Pima kati ya kila fezi mbili: 400, 400, 400. Fezi moja ikikosekana, mota iliyokuwa ikizunguka itaendelea, ila kwa ampea mara 1.7 hivi za kawaida, mpaka iungue. Zikiwa zote zipo, bado usifunge mkanda. Laini iliyokatika na kuungwa usiku kwenye matope huweza kuungwa fezi zikiwa zimebadilishana nafasi, na mota ikazunguka kinyume. Pampu ya kisima itatoa maji kidogo, na mwenye nayo atadhani kisima kimekauka. Washa sekunde moja, zima, tazama puli inageukia wapi. Ikigeuka kinyume, zima meni, badilishana nyaya mbili zozote kati ya tatu kwenye kiwashio cha mota, kaza skrubu, jaribu tena, ndipo ufunge mkanda.